Safari Rally na mtoto: mkondo uchaguliwe na mdogo wenu

1.

Tangu Jumatatu mnaniuliza swali moja tu: "Sister, tunaweza kwenda Naivasha na mtoto?" Safari Rally ni Alhamisi tarehe 20 hadi Jumapili tarehe 23 Machi 2025, na naona kwenye simu zenu baba watoto ashapanga kila kitu, kuanzia nyama ya kuchoma hadi kofia. Kitu kimoja tu ndicho hajapanga: huyo wa miezi minne atakaa wapi vumbi likianza.

Jibu langu ni ndiyo, nendeni. Sharti langu ni kwamba mahali pa kutazamia pachaguliwe kwa kumwangalia mdogo kuliko wote ndani ya gari lenu, si kwa kumwangalia shabiki mkubwa kuliko wote.

Najua kuna wale watasema rali si mahali pa mtoto, mama mwenye akili hukaa nyumbani. Sikubaliani nao. Mama aliyejifungua hajafungwa jela, na mtoto wa miaka saba akiona gari likiruka tuta hatasahau maisha yake yote. Kuna wengine pia watasema "hata sisi tulibebwa mgongoni na hatukufa." Hao ndio wananitia wasiwasi zaidi. Kwa hiyo leo nitawaeleza barabara zenyewe na mambo ya tairi, maana ukielewa hayo utajua mwenyewe usimame wapi. Someni pole pole, ni ndefu.

2.

Kwanza rali yenyewe, kwa wale ambao huisikia tu kwenye redio.

Ilianza mwaka wa 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ilikuwa kwenye mashindano ya dunia hadi 2002, ikakosekana karibu miaka ishirini, kisha ikarudi 2021 na makao yake yakawa Naivasha. Tangu irudi, Toyota wameshinda zote nne: Sébastien Ogier 2021 na 2023, Kalle Rovanperä 2022 na 2024. Hyundai wana Thierry Neuville, bingwa wa dunia wa mwaka jana, na bado wanautafuta ushindi wao wa kwanza hapa.

Mwaka jana iliangukia Pasaka na familia nyingi zikasafiri. Mwaka huu shule hazijafungwa. Alhamisi na Ijumaa watoto wakubwa wako darasani, kwa hiyo familia nyingi zitaingia Jumamosi na Jumapili. Ina maana siku hizo mbili watu watajaa, foleni itakuwa ndefu, na kivuli kitakuwa cha kugombaniwa.

3.

Sasa barabara.

Alhamisi kuna mkondo wa Kasarani, Nairobi. Ni mfupi, chini ya kilomita 5, umetengenezwa kwa ajili ya mashabiki, na magari mawili hushindana kwa wakati mmoja. Kama una kachanga na roho yako inataka kuona rali, Kasarani ndiyo yako. Unaona magari, unasikia ngurumo, na jioni umelala kwako.

Ijumaa wanazunguka Naivasha: Loldia, maeneo ya mvuke ya Geothermal, na Kedong. Hiyo Kedong muiogope kidogo. Iko kwenye uwanda wa kusini mwa Naivasha, na udongo wake ni wa volkano, mlaini kama unga wa ngano. Madereva huuita fesh-fesh. Kwa macho unaona barabara tambarare, lakini chini ya huo unga kuna mifereji na mawe. Mwaka 2021 Rovanperä alizama humo gari likakwama kabisa. Mwaka 2022 Ogier alipata pancha hapo hapo Kedong na ushindi ukamponyoka.

Jumamosi wanaelekea upande wa Ziwa Elmenteita: Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Hii ya mwisho imepewa jina la kilima kinachofanana na shujaa aliyelala chali. Kuna mawe makubwa na mito mikavu, na mvua ikinyesha unga wote unageuka utelezi. Machi ndio masika yanaanza, na mvua za huko hupenda kuja mchana. Asubuhi unakula vumbi, alasiri unasukuma gari kwenye matope. Siku moja, barabara moja.

Jumapili wanamalizia Hell's Gate, kati ya yale majabali. Mkondo wa mwisho huwa na pointi za ziada kwa watano wenye kasi zaidi, kwa hiyo hakuna dereva anayeendesha kwa upole. Na kila mtu anataka kuwa pale.

4.

Tairi. Usiruke hapa, mama, hapa ndipo kuna somo.

Mwaka huu matairi yanatoka Hankook, baada ya miaka minne ya Pirelli, na Kenya ndiyo rali ya kwanza ya changarawe msimu huu. Monte Carlo na Sweden zilikuwa za lami, barafu na theluji. Kwa hivyo hakuna timu iliyowahi kushindana na matairi haya juu ya mawe. Wamefanya majaribio, ndiyo, lakini majaribio si mashindano.

Kuna tairi gumu na tairi laini. Gumu huvumilia mawe na joto, ila barabara ikilowa linateleza. Laini hushika vizuri kwenye matope na asubuhi ya baridi, ila jua likiwaka linaisha haraka na ni rahisi kukatwa na jiwe. Dereva akiwa na wasiwasi anachanganya: mawili magumu, mawili laini, kwa kukingamisha. Hapati gari zuri kabisa popote, lakini haumii sana popote.

Halafu kuna stepni. Wanaruhusiwa kubeba moja au mbili. Mbili ni uzito, na uzito ni sekunde. Moja ni kamari, kwa sababu wanapita mikondo kadhaa kabla ya kurudi kwa mafundi, na mmoja tu kama Sleeping Warrior unaweza kuyamaliza matairi mawili. Kwa Safari, wengi hubeba mbili. Wameshajua kwamba rali hii humpa yule aliyefika, siyo yule aliyekimbia sana. Muulizeni Neuville: mwaka 2021 alikuwa akiongoza hadi Jumapili asubuhi, gari likavunjika kwa chini, basi.

Jambo la mwisho ni nani anatangulia. Ijumaa anayeongoza jedwali la dunia ndiye hufungua barabara. Mwaka huu ni Elfyn Evans wa Toyota, aliyeshinda Sweden mwezi uliopita. Wa kwanza hufagia changarawe na vumbi lililolegea, na wanaofuata hupata njia safi zaidi. Mvua ikinyesha mambo yanageuka: wa kwanza anapita kabla matope hayajachimbwa. Kwa hivyo Ijumaa mkiona Evans anapoteza muda msiseme amelala, anafagilia wenzake. Jumamosi na Jumapili mpangilio hupinduliwa, walio mbele kwa muda wanaondoka nyuma ya wenzao.

Ukiniuliza mimi, ubashiri wangu ni atakayeshinda ni yule atakayefika Jumamosi jioni bila kutumia stepni zote. Na kwa historia ya hapa, naweka pesa zangu za sukuma wiki kwa Toyota.

5.

Sasa ya tairi yanatuhusu vipi sisi wenye mikoba ya nepi?

Mikondo mingi hupitwa mara mbili, asubuhi na tena baadaye. Mara ya kwanza magari yanang'oa mawe yaliyokuwa yamezikwa na kuchimba mifereji. Mara ya pili barabara imeharibika, matairi yako kwenye joto, pengine dereva ana pancha au anafukuza muda aliopoteza. Gari kama hilo likiingia kona kwa kasi na mbele pasipo mshiko, halipindi. Linaendelea moja kwa moja, kwenda upande wa nje wa kona. Na upande wa nje wa kona ndipo mashabiki wengi hupenda kusimama, kwa sababu picha hutoka vizuri.

Kwa hivyo, mama mwenye mtoto: usisimame nje ya kona. Usisimame mahali palipo chini kuliko barabara, gari na mawe hushuka, hayapandi. Usisimame mbele ya utepe hata kama watu mia wamesimama. Mashali wakikuambia sogea, sogea kwanza, uliza baadaye. Kaa juu, nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea. Utaona gari likiwa dogo kidogo, ndiyo, lakini utaliona kwa muda mrefu zaidi.

Na kama una mtoto, chagueni mpito wa kwanza. Jua bado dogo, mvua bado, barabara bado haijachakaa, na mtoto hajachoka. Mpito wa pili waachieni vijana.

6.

Vumbi. Hapa naongea kama nesi sasa.

Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Wewe unapumua mara 12 hadi 20. Mkisimama wawili kwenye wingu moja la Kedong, yeye anavuta pumzi mara mbili au tatu kwa kila moja yako, na njia zake za hewa ni nyembamba mno. Kamasi kidogo tu inatosha kuziziba. Anapumua zaidi kwa pua, na hajui kupenga.

Mkienda, angalieni magari vizuri. Mengine yameongezewa bomba la kuvuta hewa linalopanda juu pembeni ya kioo, ili injini isimeze vumbi wala maji. Mainjinia wamekaa chini wakafikiria chuma kitapumua vipi Naivasha. Haki, na sisi tumfikirie mtoto kiasi hicho hicho.

Mbinu ya kwanza ni upepo. Simameni upande upepo unakotoka, vumbi lipelekwe mbali nanyi. Rusha majani makavu kidogo juu uone yanakoelekea. Kama hakuna upepo kabisa, vumbi litaning'inia hapo dakika nzima baada ya gari kupita. Sogeeni mbali zaidi au ondokeni.

Mbinu ya pili ni kutomfunika mtoto uso. Naona wamama wengi wanarusha leso juu ya uso wa mtoto au wanafunga kigari chote kwa shuka. Chini ya hiyo leso kuna joto na hewa kidogo, na wewe huoni rangi ya midomo yake. Maski pia si ya mtoto wa chini ya miaka miwili, inaweza kumziba pumzi. Mkubwa anayeweza kuivua mwenyewe, sawa, humsaidia kiasi.

Mwenye pumu asitoke nyumbani bila inhela yake ya kufungua kifua na kile kichupa chake cha kuvutia dawa. Iwe kwenye mkoba wako, si kwenye gari lililoegeshwa kilomita mbili nyuma. Na kama wiki hii amekuwa akikohoa usiku, mwaka huu atazame kwa runinga. Najua inauma. Rali itarudi.

7.

Wengi mnataka kwa umri, haya.

Chini ya miezi sita: Kasarani ya Alhamisi, au bakini nyumbani. Huyu hafai kukaa juani, na Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya asubuhi inakudanganya, jua la saa sita linachoma kweli kweli. Hapewi maji wala juisi kwa sababu ya joto. Ananyonya, na siku ya jua ananyonya mara nyingi zaidi. Kwa hivyo anayekunywa maji mengi ni wewe.

Miezi sita hadi miaka miwili: anaweza kwenda mkondo mmoja, asubuhi, penye kivuli, kisha mrudi. Huyu kila kitu anatia mdomoni, hata kokoto. Nawa mikono yake kabla ya kula, si kuipangusa tu.

Miaka miwili hadi mitano: huyu ndiye wa kukimbia. Magari yanaachana dakika chache, na zile dakika za kimya ndizo hatari, watu wanajisahau na mtoto anateremka barabarani. Awe na mtu wake mmoja mzima aliyepewa kazi hiyo, asiyepiga picha. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wake kwa kalamu. Watoto hupotea kwenye umati kuliko mnavyodhani.

Sita na kuendelea: mpeleke Soysambu au Hell's Gate, mfundishe tairi gumu na laini, mpe kofia, mpe kazi ya kuhesabu magari. Huyo ndiye rali yake hii.

Na kama mko na wa miaka minane na wa miezi mitatu? Hapo ndipo sharti langu linauma. Mdogo ndiye anaamua. Au mnagawana: mzazi mmoja na mkubwa waende, mwingine abaki na mdogo. Mwaka ujao mnabadilishana. Si lazima abaki mama kila mwaka, baba watoto pia anajua kubadilisha nepi.

8.

Stepni zenu mbili. Timu yenye mafundi wengi inabeba mbili, nanyi mnaenda siku nzima na chupa moja ya maji?

Stepni ya kwanza ni maji. Ya kunywa na ya kuosha, mbali mbali. Vumbi likiingia machoni, mwagia maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje, bila kusugua. Ukiweza beba na pakiti za ORS na chakula ulichopika mwenyewe. Tumbo la mtoto lisifanyiwe majaribio Naivasha.

Stepni ya pili ni njia ya kutoka. Jua gari limeegeshwa wapi, limegeuzwa kuelekea barabara, na nani hatakunywa pombe. Jumapili jioni barabara ya kurudi Nairobi hujaa kabisa. Mwenye mtoto aondoke kabla ya sherehe ya washindi, au alale Naivasha arudi Jumatatu. Na kwenye gari mtoto awe kwenye kiti chake, si mapajani.

Ongeza nguo za kubadilisha, sweta ya asubuhi, kofia ya ukingo mpana, na vikinga-masikio kwa wadogo. Ngurumo ya gari hupita haraka, lakini helikopta na spika za muziki hukaa siku nzima.

Mkirudi, osha mtoto mwili mzima na nywele, na nguo zenye vumbi zisiingie kitandani. Siku mbili tatu zinazofuata, akikohoa, hesabu pumzi zake ametulia, dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya, au midomo inabadilika rangi, usingoje asubuhi na usimpe dawa ya kikohozi ya duka. Nenda kituo cha afya usiku huo huo.

9.

La mwisho ni la waandalizi na serikali za kaunti, na naomba mlisambaze.

Kila mwaka tunaona mahema ya wageni wa heshima, jukwaa la muziki na baa. Mahali pa mama kukaa kivulini anyonyeshe sijaona. Rali hii hulipiwa na kodi ya wamama pia. Tunaomba eneo moja tu la familia kwenye kila mkondo mkubwa: lililo juu, upande upepo unakotoka, lenye maji, choo kisafi, na muuguzi mwenye mashine ya kusaidia kupumua. Haligharimu zaidi ya jukwaa moja. Wanajua kupanga matairi ya nchi nzima za ugenini, watashindwaje kupanga kivuli?

Hadi hapo, kivuli ni juu yetu. Basi leo usiku, kabla baba watoto hajalipa tiketi na hoteli, wekeni jina la mdogo wenu mezani na muulizane: huyu anaweza mkondo gani? Mkikwama, niandikieni hapa chini umri wake, kama ana pumu, na siku mnayofikiria kwenda. Nitajibu zamu ikiisha.

Safari njema, na msisimame nje ya kona.